Kutoka Unguja hadi Kizimbani: Njia ya Mafunzo ya Baada ya Uzamivu katika Saikolojia ya Kimahakama

Nikisema kizimbani sina maana ya kule kwenye mashamba ya viungo, wageni wanakopelekwa kunusa mdalasini. Nina maana ya kizimba cha Mahkama, anaposimama shahidi mtaalamu, akaapa, na wakili akamtazama juu ya miwani akamuuliza: "Daktari, wewe umejuaje kama huyu hajitii wazimu?"

Shahada ya uzamivu peke yake haikufundishi kulijibu swali hilo. Inakufundisha kutafiti, na ukiwa na bahati inakufundisha kutibu. Kumpima mtu kwa niaba ya Mahkama, ukaandika ripoti, kisha ukaitetea mbele ya mtu anayelipwa kuivunja, ni kazi nyengine kabisa, na ndiyo inayofundishwa katika mafunzo ya baada ya uzamivu. Vijana wa Unguja na Pemba wananiuliza njia yake mara kwa mara, na kila mmoja nimekuwa nikimjibu kipande. Hapa naieleza yote.

Hatua ya kwanza: ujue umesimama ngazi gani

Mafunzo haya si ya kuanzia. Ni ya mtu aliyekwisha maliza uzamivu wa saikolojia ya tiba au ya ushauri nasaha, na akakaa na wagonjwa huku mtu mzoefu akimsimamia. Kama una shahada ya kwanza, njia yako inapita kwanza kwenye uzamili. Chuo Kikuu cha Muhimbili, ng'ambo tu ya bahari, kinafundisha uzamili wa saikolojia ya tiba. Kama uzamivu wako ni wa tasnifu tupu, umejaza hojaji skuli za Mjini na Magharibi lakini hujapata kukaa chumbani na mtu anayesema majirani wanamtilia sumu kwenye tangi la maji, basi hujafika. Tafuta saa za kliniki kwanza. Hapa ndipo watu wengi wanapokatishwa tamaa, kwa sababu barua ya kukataliwa haielezi sababu.

Hatua ya pili: kaa Mahkamani kabla ya kuomba popote

Hii haiko kwenye fomu yoyote ya maombi, lakini mimi naiweka mbele ya zote. Chukua mwezi mmoja, siku mbili kwa wiki, ukasikilize kesi. Uwe Tunguu, uwe Chake Chake, ingia, keti nyuma, zima simu. Kesi za udhalilishaji wa kijinsia na za watoto mara nyingi zinasikilizwa faragha, kwa hiyo hutoruhusiwa kuingia, na ni haki hivyo. Nyengine ziko wazi. Utaona kesi nyingi zikiahirishwa, usichoke. Andika kila mara hakimu anapouliza jambo linalohusu akili ya mtu: huyu anaelewa? Huyu alikusudia? Mtoto huyu anajua maana ya kusema kweli?

Ukishaona kwa macho, utaelewa kwa nini kazi hii inaanza na kutenganisha maswali mawili ambayo mtaani yamefungwa katika neno moja, wazimu.

Swali la kwanza ni la leo. Je, mshtakiwa huyu, hivi sasa, anaweza kusimama akajibu mashtaka? Kipimo kinachofundishwa Marekani kinatokana na kesi ya Dusky ya mwaka 1960, na kina pande mbili: mtu aelewe kinachoendelea Mahkamani, tena kwa akili timamu si kwa kukariri, na aweze kushauriana na wakili wake kwa mantiki.

Swali la pili ni la siku ile. Je, alipotenda, alijua anachofanya, na alijua kuwa ni kosa? Hili lina mizizi London, mwaka 1843, pale Daniel M'Naghten alipompiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. M'Naghten alionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, watu wakapandwa na hasira, na majaji wakatakiwa waeleze kanuni. Kanuni hiyo ilisafiri na Waingereza kila walikotawala, na Zanzibar iliwekwa chini ya himaya yao mwaka 1890. Kwa hiyo ukiisoma kesi ya M'Naghten ughaibuni usidhani unajifunza mambo ya kigeni. Ni babu wa sheria zetu wenyewe.

Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa siku ile. Anaweza pia kuwa kinyume chake: alitenda akiwa na akili zake, akaugua rumande. Ripoti inayochanganya siku hizi mbili haina faida kwa hakimu, hata kama imeandikwa na profesa.

Ukiwa bado uko nyumbani, omba ruhusa pia ya kujitolea Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na kaa khasa na wauguzi wa zamu ya usiku. Mgonjwa anayejifanya humwona daktari akija na kuanza vituko. Saa nane za usiku, akidhani hakuna anayemtazama, anakunywa chai na kuuliza matokeo ya mpira. Mwalimu wa hilo ni muuguzi.

Hatua ya tatu: chagua msimamizi, usichague jina la chuo

Marekani ndiko mafunzo haya yalikopangika zaidi. Shirika la wanasaikolojia la nchi hiyo liliutambua uwanja huu kuwa ubingwa mwaka 2001. Programu nyingi ni za mwaka mmoja, kama saa 2,000 za kazi, ndani ya hospitali za serikali na vyuo vya udaktari. Wanaotajwa sana ni Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Worcester, Chuo Kikuu cha Virginia, Hospitali ya Patton huko California, na Saint Elizabeths ya Washington, alikowekwa John Hinckley baada ya kumpiga risasi Rais Reagan mwaka 1981 na Mahkama kumwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hukumu ile iliwaudhi Wamarekani mpaka mwaka 1984 Bunge lao likaibana sheria.

Sasa nikwambie jambo ambalo matangazo yao wanaliandika kwa herufi ndogo. Nyingi ya nafasi hizi zinamtaka mtu aliyesoma uzamivu katika programu iliyothibitishwa na Marekani au Kanada, na akafanya mazoezi ya kazi yaliyothibitishwa vivyo hivyo. Ukiwa umesoma Dar es Salaam, Khartoum au Kuala Lumpur, mlango huo unaweza kuwa umefungwa hata ungekuwa hodari vipi. Usikasirike, na usilipe ada ya maombi kumi. Mwandikie mkurugenzi wa mafunzo barua fupi, umuulize moja kwa moja: mtu mwenye uzamivu wa nje anaweza kuja kwenu kama mtafiti mgeni, akahudhuria semina za kesi na kuona tathmini bila ya kutia saini ripoti? Wapo wanaokubali.

Uingereza wamefuata njia nyengine. Kule jina la mwanasaikolojia wa kimahakama linalindwa na sheria, hujiiti hivyo mpaka uandikishwe, na wengi wanalifikia kwa uzamili kisha miaka ya mazoezi chini ya msimamizi, au kwa uzamivu wa kitaaluma. Kwa mtu mwenye uzamivu tayari, maana yake ni kurudi nyuma kidogo.

Afrika Kusini ndiyo ninayowapendekezea wengi wetu, na nasema hivi bila ya kuona haya. Sheria yao ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1977, vifungu vya 77 hadi 79, inaruhusu mshtakiwa apelekwe hospitali kuangaliwa kwa muda usiozidi siku 30 kwa mara moja, na jopo liripoti Mahkamani. Hospitali ya Valkenberg, Cape Town, inafanya kazi hiyo, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina mafunzo ya afya ya akili ya kimahakama. Washtakiwa wengi kule wanazungumza lugha isiyo ya kitabu cha kipimo, wanasikia mizimu ya babu zao, na wamesoma skuli miaka mitano tu. Yaani wanafanana na watu utakaowapima Micheweni.

Popote utakapotazama, uliza maswali mawili tu. Nitaandika ripoti ngapi kwa mwaka? Na nani atazisoma mstari kwa mstari? Pakiwa na jina kubwa na ripoti nne, pita. Pakiwa na hospitali isiyojulikana, ripoti thelathini na mzee mwenye kalamu nyekundu, funga mizigo.

Hatua ya nne: tengeneza faili lako

Watataka wasifu wa kazi, barua ya maombi, matokeo ya masomo, barua tatu za waliokusimamia, na mifano miwili ya ripoti ulizoandika. Barua ya maombi isizidi kurasa mbili, na isianze na utoto wako.

Ripoti za mfano ndizo zinazoamua, na ndipo sisi watu wa visiwani tunapokosea vibaya. Wanakuambia ufute utambulisho wa mtu. Ughaibuni, ukifuta jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, umemaliza. Kwetu sivyo. Niliwahi kuona rasimu ambayo jina lilifutwa vizuri kwa wino mweusi, kisha chini ikaandikwa: "Mwanamme wa miaka 41, fundi wa mashua, anatoka kijiji cha kaskazini ya Pemba, aliwahi kuoa mtoto wa sheha, ana jicho moja." Mtu yeyote wa Wete angemtaja kabla ya kumaliza sentensi. Badilisha kazi. Badilisha kisiwa. Umri uwe "miaka ya arobaini". Jicho liondoe, isipokuwa lina uhusiano na uchunguzi. Kisha mpe rafiki mmoja aisome, umuulize: unamjua? Akisita tu, rudi kazini.

Hatua ya tano: kalenda na fedha

Mwaka wa mafunzo Marekani huanza kati ya Julai na Septemba. Maombi mengi hufungwa Disemba na Januari, na majibu hutoka Februari na Machi. Kwa hiyo barua za wasimamizi ziombwe Oktoba. Kupata cheti cha matokeo kilichopigwa muhuri kutoka chuo ulichosoma kunaweza kula miezi miwili, khasa ukiambiwa mwenye muhuri amesafiri. Nafasi za Marekani zina posho. Za kutembelea kama mtafiti mgeni kwa kawaida hazina, na hapo utahitaji ufadhili wa serikali au wa mwajiri wako. Omba likizo ya masomo kwa maandishi, na usiondoke kwa ahadi ya mdomo ya mtu wa utumishi.

Hatua ya sita: mwaka wenyewe

Wiki inakwenda hivi, kwa jumla. Siku mbili au tatu za tathmini wodini au gerezani. Siku ya semina, mnasoma kesi zilizojenga uwanja huu: Dusky, Tarasoff ya mwaka 1976, iliyowatwika wataalamu wajibu wa kumlinda mtu ambaye mgonjwa wao ametishia kumdhuru, Daubert ya mwaka 1993, iliyompa jaji kazi ya kuchuja sayansi kabla haijaingia Mahkamani. Siku iliyobaki ni ya kuandika, na haikutoshi.

Utafundishwa vyombo vya kazi: HCR-20 ya kukadiria hatari ya ukatili, orodha ya Robert Hare ya tabia za kisaikopathi, yaani za mtu asiyeona huruma wala majuto, vipimo vya kumkamata anayejitia ugonjwa. Vijue, lakini usivibebe nyumbani kama vilivyo. Alama za vipimo vingi zimewekwa kwa kulinganisha na watu wa Marekani au Kanada. Mtu wa Makunduchi akishindwa kutaja picha ya kitu kinachotumika kwenye theluji, hajapoteza kumbukumbu.

Na maswali yenyewe yanahitaji masikio. Muulize mshtakiwa "Unasikia sauti?" atakwambia ndiyo, ya muadhini, mara tano. Muulize kama ana shetani, na mtu mwenye akili zake timamu anaweza kukujibu kuwa yuko wa ukoo, anapanda kichwani kwa mama mdogo, na kila mwaka anafukiziwa chetezo. Imani ambayo ukoo mzima unaishiriki haitoshi kuitwa ugonjwa. Unapaswa kuuliza zaidi: nani mwengine anamjua shetani huyu? Amewahi kukuamrisha jambo ambalo mganga mwenyewe limemshangaza? Mara nyingi mama na mganga wenyewe ndio watakaokwambia, "Hapana, huyu wake si shetani, huyu anaumwa."

Kipo kisa kimoja ninachokitumia kufundishia. Mshtakiwa anaulizwa: hakimu kazi yake nini? Anajibu: "Wa serikali yule. Kazi yake kufunga watu." Mpimaji mgeni ataandika kwamba haelewi kazi ya hakimu. Mpimaji wa hapa atauliza swali la pili: "Amewahi kumwachia mtu?" Akisema, "Ee, mtoto wa jirani aliachiwa, mashahidi hawakuja," basi mtu huyu anaelewa vizuri kabisa, ana maoni yake tu kuhusu serikali.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Niliiona nzuri. Msimamizi aliirudisha kesho yake, hakugusa mstari hata mmoja, ila juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: Mahkama imekuuliza nini? Nikaitafuta amri ya Mahkama kwenye faili. Ilikuwa na sentensi moja, na jibu lake nilikuwa nimelizika ukurasa wa kumi na saba, katikati ya habari za utoto wa mtu. Tangu hapo naandika swali juu kabisa, chini yake vyanzo nilivyotumia na siku nilizokutana na mtu, kisha nilichokiona, kisha jibu na sababu zake. Nilichokiona na ninachokifikiri havikai aya moja. Maneno kama kichaa, punguani na majununi hayaingii, ila ndani ya alama za kunukuu, amesema mtu mwengine.

Kabla ya yote hayo, kila mahojiano yanaanza kwa onyo: mimi leo si daktari wako wa kukutibu, nimetumwa na Mahkama, utakayoniambia naweza kuyaandika na hakimu akayasoma. Kisha unamwambia akueleze kwa maneno yake ulichomwambia. Akisema "Umekuja kunisaidia, dokta," anza upya.

Halafu muhali.

Sijui niwaelezeje wasimamizi wa nje neno hili, na nimeacha kujaribu. Katika mazoezi ya kuhojiwa na mawakili, mimi niliyekulia Unguja nilianguka vibaya. Wakili wa mazoezi alikuwa mzee, mwenye sauti ya upole. Akasema, "Utakubaliana na mimi kwamba huenda umekosea?" Nikasema inawezekana. "Na pengine hukukaa naye muda wa kutosha?" Nikasema pengine. Dakika kumi baadaye maoni yangu yote yalikuwa yameyeyuka kama barafu ya koni Forodhani, na hakuna hata hoja moja aliyoivunja. Nilimwonea muhali tu. Tumelelewa hatumwambii mzee "hapana". Omba mazoezi haya yarudiwe. Mimi niliyafanya mara sita ndipo nikaweza kusema, kwa adabu ileile, "Hapana mheshimiwa, si hivyo, na sababu yake ni hii."

Hatua ya saba: kurudi

Marekani wana bodi ya mabingwa, na masharti yake ni kipimo kizuri cha kujipima hata kama hutoifikia: saa 100 za elimu rasmi ya uwanja huu, na saa 1,000 za kazi yenyewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ambayo mafunzo kamili ya baada ya uzamivu yanaweza kukaa mahali pake, kisha mtihani wa kuandika, ripoti mbili zinazochambuliwa, na mtihani wa mdomo wa saa tatu. Weka daftari la saa zako tangu siku ya kwanza. Hakuna atakayekukumbushia.

Kazi hapa ipo. Ipo Kidongo Chekundu. Ipo Chuo cha Mafunzo, ambako wenzetu wa bara wanashangaa kuwa gereza tunaliita chuo na mfungwa mwanafunzi. Iko kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja, wanakoletwa watoto waliodhalilishwa, na kwenye mahkama maalum ya udhalilishaji iliyoanzishwa mwaka 2021. Usisubiri tangazo la ajira lenye jina la ubingwa wako, pengine halitotoka. Andikia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na chama cha mawakili, wote wawili kwa siku moja, barua ya maneno yaleyale, uwaeleze unachoweza kupima na usichoweza. Ukiandikia upande mmoja tu, utaonekana mtu wao.

Muhali wa huku ni mzito kuliko wa mazoezini. Kesi za udhalilishaji nyingi zinataka kumalizwa ukumbini kwa mtu, kwa suluhu ya wazee, na siku mbili kabla ya kutoa ushahidi utapigiwa simu na mjomba usiyemwona tangu Idi. Atauliza hali, atauliza watoto, kisha atasema, "Ile kesi ya yule kijana, si unajua mama yake alivyotulea." Jibu liwe fupi: mjomba, kesi iko Mahkamani, siwezi kuizungumza. Usimweleze kwa nini. Na kama kweli mama yule alikulea, hukupaswa kuipokea kesi tangu mwanzo. Ukipewa jina, kabla ya kufungua faili, uliza ukoo, shehia na skuli aliyosoma. Pakiwa na undugu au deni la fadhila, rudisha siku ileile kwa maandishi.

Na kama umetumwa Pemba, ripoti iandike Chake uimalize hukohuko. Usiifungue ndani ya boti. Safari ni ndefu, aliyekaa pembeni yako hana la kufanya, na anajua kusoma.